Ombi la Kumzuia Bibi Gizella Asipande Treni za Chini ya Ardhi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Treni za Chini ya Ardhi,
Budapest.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, umekaa kwenye kiti kizuri, hujasimama umening'inia kama sisi abiria wako. Mimi ni Pintér Zsombor, miaka kumi na saba, mzaliwa na mkazi wa Józsefváros. Nimesomea upachikaji wa vigae kwenye shule ya ufundi mpaka siku mimi na mwalimu tulipokubaliana kwamba nimeshajua vya kutosha. Yeye ndiye aliyekubali kwanza. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, na ukiona mwandiko umenyooka usidhani nimeandikiwa. Mambo mengine nilifeli, lakini mwandiko hakuna aliyenigusa.

Ombi langu ni dogo. Naomba, kwa heshima zote, umpige marufuku bibi yangu.

Namsema Bibi Gizella, mama yake mama yangu, miaka sabini na moja, mfupi, koti la kijani, goti moja la chuma. Huwezi kumkosa. Ndiye mzee pekee mjini anayeteremka ngazi za umeme mbiombio, huku akiwaambia vijana waliosimama upande wa kushoto, "Sogeeni, watoto, wengine tuna kazi!" Kazi gani, Mheshimiwa? Hana kazi yoyote. Anatembea tu.

Na simlaumu yeye. Nawalaumu ninyi, pamoja na serikali, pamoja na madaktari. Serikali ilisema mtu akitimiza sitini na mitano apande bure. Sawa. Hilo halikutuumiza, maana bibi alikuwa na goti bovu, na mwenye goti bovu hata umpe ndege ya bure atabaki jikoni. Mwaka jana madaktari wakamtia goti la chuma wakamwambia, "Mama, hili ulitumie. Usipolitumia litakaza." Nani aliwatuma kusema hivyo? Goti jipya ukilijumlisha na safari ya bure ni sawa na kumwachia mbuzi shamba la kabichi na kumtakia siku njema.

Tangu hapo kila asubuhi anavaa koti, anashuka kituo chetu cha Rákóczi tér, anapanda, anateremka kituo ambacho hajawahi kuteremka maishani, halafu anaanza kutembea kwa miguu. Peke yake. Hataki mwenzake, hataki ramani, hataki simu. Anatembea mpaka aone kitu ambacho hakukijua jana, ndipo anarudi nyumbani. Siku nyingine anakipata mapema. Siku nyingine anarudi taa za barabarani zimewaka, anavua koti na kusema, "Leo mji ulijifichaficha."

Nilimwuliza, "Bibi, unatafuta nini? Si umezaliwa hapa hapa?"

Akanijibu, "Nimezaliwa hapa, nikashona mikono ya makoti kiwandani mpaka pensheni. Tramu ile ile kwenda, tramu ile ile kurudi. Katika mji wote huu nilijua mtaa mmoja na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu ya bucha."

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili ni la dharura, usije ukaliweka chini ya kikombe cha kahawa.

Mama yangu yuko Austria anawaogesha wazee wa watu, kwa hiyo nyumbani ni mimi na bibi. Yuko pia mjomba wangu Dezső, kaka yake mama, mfugaji wa bata bukini kule Félegyháza. Jumatatu ya Pasaka mjomba alikuja na chupa yake ya marashi, kama ilivyo desturi, amnyunyizie mama yake asije akanyauka mwaka huu, naye apewe yai lake la rangi. Alikuwa amevaa tai. Shairi la kunyunyizia amelikariri njia nzima. Akafika, akagonga, akakohoa, akaanza, na niliyefungua ni mimi.

"Mama yuko wapi?"

"Katoka, mjomba."

"Katoka? Jumatatu ya Pasaka? Mwanamke anatoka Jumatatu ya Pasaka?"

"Sijui kateremkia kituo gani. Mpaka aone kitu kipya ndio anarudi."

Mheshimiwa, mtu mzima yule alisimama mlangoni na chupa yake mpaka huruma ikanishika. Mwisho akanimwagia mimi marashi yote kichwani kwa hasira, akasema, "Mama kachanganyikiwa. Mtembezi hula miguu yake, na huyu atakuja kuokotwa mtaroni. Sikia, Zsombor. Mwezi wa tano, siku ya jina lake kwenye kalenda, nitakuja tena. Nikimkuta nyumbani ametulia kama mama za watu, basi. Nisipomkuta, nafunga flati hii, na ninyi wawili mnapanda gari mnakwenda Félegyháza."

Félegyháza! Mimi, mtoto wa Józsefváros! Kule bata bukini ni wengi kuliko wapiga kura. Mmoja aliwahi kuniuma mahali ambapo siwezi kupataja katika barua ya kiofisi. Na bibi naye atafanya nini kule? Kuna barabara moja, na inaelekea kwa bata.

Siku ya Gizella ni tarehe saba Mei. Muda unakwisha. Kwa hiyo naomba uyapokee malalamiko yafuatayo kwa mpangilio niliofundishwa shuleni, katika somo pekee nililolipenda.

1. Kuhusu supu. Jumapili supu ya nyama huwekwa jikoni alfajiri, moto mdogo, ikae inatokota kidogo kidogo mpaka kengele za mchana. Inahitaji mtu wa kuengua povu. Mtu huyo alikuwa bibi. Siku hizi ni mimi. Ananipa mwiko, ananiambia, "Isichemke, itabasamu tu," halafu huyoo, kashika njia. Rafiki yangu Csongor alipita akanikuta na aproni ya bibi yenye maua. Kesho yake kijiwe kizima kilijua. "Zsombor, mlinzi wa sufuria, bibi yako mhuni wa mjini yuko wapi leo?" Mimi niliyekuwa naogopwa kuanzia Teleki tér mpaka kwenye reli! Aibu hii imeletwa na treni zako.

2. Kuhusu wakaguzi wako wa tiketi. Wewe unajua kuwa mzee akipita, mkaguzi hugeuza uso kwa adabu, hamwulizi kitu. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini bibi hataki adabu hiyo. Mwezi wa pili alisimama mbele ya mkaguzi mmoja, jitu la mtu lenye kitambaa cha ukaguzi kilichofungwa mkononi, wenzake wanamwita Bálint.

"Mbona huniulizi tiketi?"

"Nabusu mkono, mama. Wewe pita tu."

"Nipite tu kwa nini? Umejuaje kama nimefika sitini na mitano?"

Lile jitu likatazama viatu vyake. "Mama, mimi… nimekisia."

"Umekisia! Na yule dada mwenye kofia mbona hukumkisia? Na hiyo salamu ya vikongwe, nabusu mkono, kampelekee nyanya yako. Mimi niambie habari za asubuhi."

Nyuma yake foleni ilifika mpaka juu barabarani. Akatoa kitambulisho, akamlazimisha Bálint asome mwaka wa kuzaliwa kwa sauti, halafu akamwuliza, "Sema kweli, ungenidhania miaka mingapi?" Jitu likasema hamsini na minane. Bibi akafungua leso akampa pogácsa mbili, vile vimikate vya jibini, zingali na moto. Tangu siku hiyo wakaguzi wako wakimwona kwa mbali wanakimbilia kumkagua. Nimeshuhudia watatu wakimkagua kwa pamoja, midomo imejaa. Na pogácsa hizo, Mheshimiwa, zilikuwa zangu.

3. Kuhusu treni ya mstari wa nne, ile isiyo na dereva. Nani alifikiria jambo hilo? Nilipomwambia bibi kuwa haifai mtu wa umri wake kuzunguka peke yake, alinijibu, "Hii treni haina hata dereva, inakwenda peke yake mpaka Buda ng'ambo ya mto na kurudi, na hakuna anayeitisha kwamba ataipeleka kwa bata." Ningemjibu nini? Tafadhali rudisheni dereva, hata awe wa kukaa tu, ili mimi nipate hoja.

4. Hili nimelifuta. Nililiandika nikiwa na njaa.

5. Hapa naomba ukae vizuri, maana ndipo penye uzito. Niliamua kumfuata.

Nilijiambia, nitamfuata kimya kimya, nijue anakokwenda, siku ya jina lake nimrudishe mapema kabla mjomba hajaegesha gari. Mimi kumfuata mtu ni kipaji. Nimewahi kumfuata mwalimu wa hesabu mpaka kwake, mpaka akanikaribisha chai. Na mji huu naujua kama mfuko wangu, ingawa kwa upande wa Buda nilikuwa nimefika mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo nilikuwa tumboni.

Basi akashuka Rákóczi tér, nami nyuma. Kwenye kuingia nilijibana nyuma ya bwana mmoja mwenye kinanda begani, na kuhusu tiketi tusizungumze sasa. Akabadilisha Kálvin tér, nikabadilisha. Akapanda treni ya mstari wa bluu, nikapanda behewa la nyuma. Deák tér watu walikuwa kama nzige. Nikamkosa, nikaliona koti la kijani, nikakimbia, kumbe ni padri. Nikamwona tena anaingia ya mstari mwekundu. Tukapita chini ya Danube. Huko chini masikio yangu yaliziba. Yeye alikuwa anasinzia kwa raha kama yuko kitandani kwake.

Akateremka Batthyány tér. Nami nikateremka, nikapanda ngazi za umeme nikijisifu moyoni, na juu kabisa nani ananisubiri? Bálint.

"Tiketi, kijana."

Nikamwambia iko kwenye koti jingine. Akaniuliza koti jingine liko wapi. Nikamwambia liko kwa fundi. Tukaendelea hivyo kwa adabu mpaka nikasikia sauti nyuma yake.

"Huyo ni mjukuu wangu."

Bibi! Alikuwa ameshafika nje, akarudi. Bálint akatabasamu mpaka kitambaa chake kikatabasamu. "Aa, ni wa kwako, mama Gizella? Basi apite, apite."

Bibi akasema, "Apite kwa nini? Mimi unanikagua kila siku na kitambulisho ninacho. Huyu hana kitu. Mwandikie."

"Mama, lakini ni mtoto wako…"

"Ndiyo maana nimesema mwandikie. Andika vizuri. Pintér, kwa P kubwa."

Akaniandikia, Mheshimiwa! Mkaguzi mwenyewe alikuwa tayari kunisamehe, bibi yangu wa damu akakataa. Unaona mlivyoniharibia mzee? Sasa yuko upande wenu.

Halafu akanivuta kando akanirekebisha kola. "Nimekuona tangu Kálvin tér. Unahema kama beberu. Nenda nyumbani, Zsombi. Hii ni safari ya mtu mmoja."

"Bibi, nije nawe, nikusaidie kubeba hiyo leso."

"Ukija utaanza kunieleza vitu. Wewe husikii kitu bila kukielezea. Nenda."

Sikwenda. Nilijificha nyuma ya kibanda cha maua, kisha nikamfuata kwa miguu kupanda kilima mpaka kule kwenye Ngome ya wafalme. Sikudanganyi, ngazi zile zimejengwa na mtu aliyewachukia binadamu. Yeye na chuma chake anapanda huku anaimba puani. Mimi niliyekuwa mlinda mlango wa timu ya mtaa nilikaa mara mbili, na mara ya pili mtalii mmoja alinipa maji. Njiani anaingia kwenye malango ya watu. Ndiyo! Lango likiwa wazi anaingia mpaka uani, anatazama juu, anasoma majina kwenye vitufe vya kengele, anatoka. Mwanamke mmoja alimfokea kutoka dirishani, "Unamtafuta nani, mama?" Akajibu, "Simtafuti mtu. Ua wenu mzuri. Mzabibu huu nani anaupogoa?" Nikadhani atafukuzwa. Walizungumza kuhusu mzabibu mpaka miguu yangu ikapoa.

Juu kabisa, kwenye ule ukuta mweupe ambako wageni hujipiga picha, alisogea ukingoni akatazama upande wa Pest, kwetu ng'ambo ya mto. Akakaza macho. Akamshika mkono kijana mmoja mwenye kamera, nami nilikuwa nyuma ya nguzo, nikasikia yote.

"Mwanangu, macho yako bado mazima. Ile minara miwili kule nyuma, ni ya kanisa la Józsefváros?"

"Nadhani ndiyo, mama."

"Basi ukitoka minara ukija mkono wa kulia kidogo, kuna paa lina bomba la moshi limepinda?"

Kijana akatazama kwa kamera yake ndefu. "Mabomba ni mengi, mama. Moja limepinda, ndiyo."

Bibi akauegemea ukuta. Kisha akasema, "Maisha yangu yote nimekuwa mle ndani. Sikujua kwamba panaonekana."

Mheshimiwa, naomba hili uliandike kama lalamiko kamili. Anawaambia wapita njia maneno ya namna hiyo, na mimi ninayelala chumba cha pili hajawahi kuniambia. Nilitaka kutoka nyuma ya nguzo nimwambie bomba hilo nililipinda mimi kwa mpira. Sikutoka. Alikuwa amesimama vile, leso mkononi, upepo unampeperusha koti, na sijui kwa nini niliona nikitoka nitakuwa nimevunja kitu.

Halafu nikapotea. Siyo kosa langu, Buda haina mpangilio. Nilizunguka mpaka nikafika mahali kuna kuku. Nilipofika nyumbani bibi alikuwa ameshaoga, anakula mkate na siagi. "Ulipitia Vienna?" akaniuliza.

6. Kuhusu maambukizi. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na likisambaa mji utaanguka. Nyumba yetu ni ya zamani, ua katikati, na kila ghorofa ina ile baraza ndefu ya chuma inayozunguka. Miaka yote barazani walikaa akina mama wazee, kila mmoja mlangoni pake na kiti chake, wakitazama nani kaingia, nani katoka, na na nani. Hapakuhitajika polisi. Bibi alipoanza kuleta habari za vituo, mama Aranka wa ghorofa ya pili alisema yeye angependa kuona mwisho wa mstari mwekundu. Akaenda. Peke yake. Akafuata mama Vilma, akamwacha mbwa. Sasa wote wanatoka, na kila mmoja anashika njia yake. Wakikutana Deák tér wanatikisiana vichwa kama wanaume wa kazini, kila mtu na mstari wake. Jioni ndio wanagombana barazani. "Wewe umekiona kile kichwa cha tembo juu ya mlango?" "Nilikiona Jumanne, mpenzi, umechelewa."

Matokeo yake Jumapili iliyopita niliachiwa sufuria saba. Saba, Mheshimiwa, kwenye ghorofa tatu. Nilikuwa nakimbia barazani na mwiko mmoja, naengua kwa Aranka, napanda kwa Vilma, narudi kwetu, mbwa yuko nyuma yangu, wageni wananiachia ujumbe wa kila mtu, na kanari wa mtu ananiimbia. Supu mbili zilicheka badala ya kutabasamu. Nimeitwa majina.

Na kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea. Mimi na Csongor tulicheza mpira uani, jambo lililokatazwa tangu zama za wafalme. Tukapiga ukutani. Tukapiga mlango wa taka. Hakuna aliyefungua dirisha. Hakuna aliyesema "Nakuona, mwanaharamu mdogo, nitamwambia bibi yako!" Tulisimama tukatazama juu, viti vitupu vimezunguka ghorofa zote. Csongor akachukua mpira wake akasema, "Mimi naenda nyumbani. Hapana raha." Mpira bila wazee ni mazoezi tu.

Kutokana na hayo yote, nadai yafuatayo, na uchague mojawapo, sina ubishi:

Kwanza, umfutie bibi safari ya bure. Kama sheria haikuruhusu, basi umri wa kupanda bure upandishwe mpaka miaka tisini kwa yeye peke yake. Kama hilo ni gumu, ngazi za umeme za Rákóczi tér zigeuzwe ziwe za kupanda tu kila anapokanyaga, awe anateremka palepale alipo mpaka achoke. Hachoki, lakini atakuwa karibu na nyumbani na nitaweza kumletea chakula.

Kama nayo haiwezekani, siku ya tarehe saba Mei wazuiwe wanawake wote wanaoitwa Gizella. Najua wapo wengine wasio na hatia. Waelezwe kuwa ni kwa faida ya familia moja yenye shida. Na wasipoelewa, mfunge mistari yote minne siku hiyo, na uzungumze na mwenzako wa madaraja, maana akikosa treni atavuka kwa miguu. Na uzungumze na mwenye Danube, kama yupo, maana goti lile siliamini, huenda linaelea.

Sikuombi haya kwa ajili ya supu, ingawa supu ni muhimu. Nakuomba kwa sababu mjomba Dezső akisema amesema, na bibi akipelekwa kule kwenye barabara moja, nina hakika atakaa dirishani. Na mimi nitakuwa namwona akikaa.

Nakushukuru kwa uvumilivu wako. Nisalimie mkeo na watoto, madereva wote (na treni isiyo nao), mabwana wa mafuta na misumari, akina dada wa sauti zile za "milango inafungwa", na wakaguzi wote isipokuwa Bálint. Bálint mwambie tu kwamba P yake kubwa ilikuwa mbaya.

Wako mtiifu, asiyelipa ila kwa bahati mbaya,

Pintér Zsombor
Józsefváros

Baada ya kusaini:

Mheshimiwa, nilichelewa kuipeleka posta, na siku ya Gizella imepita. Yote uliyosoma hapo juu usiyatende. Ningeichana, lakini sijawahi kuandika kurasa nyingi hivi bila kufutiwa na mtu.

Ilikuwa hivi. Jana yake usiku nilikosa imani na serikali, nikachukua hatua mwenyewe: nilimficha bibi viatu. Asubuhi alivitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, ndani ya jiko. Nikamwambia labda ni panya. Akanitazama, akaacha kutafuta. Akavaa gauni lake zuri na ndara za nyumbani, akaketi dirishani, mikono mapajani.

Mjomba Dezső akaja na maua na masanduku mawili matupu. Nikamfungulia kwa majigambo. "Karibu mjomba! Yupo! Katulia kama mama za watu!"

Mjomba akaingia, akambusu. "Hujambo, mama?" Ndiyo. "Umekula?" Ndiyo. "Maua haya unayapenda?" Mazuri. Akakaa mbele yake, akasubiri. Bibi akatazama dirishani. Mjomba akanivuta mpaka barazani, na Mheshimiwa, mtu yule wa bata machozi yalikuwa yanamlenga.

"Zsombor, kwa nini hukuniambia? Mama kaisha."

"Kaishaje? Si umesema akitulia?"

"Katulia gani huku! Nimevaa tai ya njano na koti la kahawia, na hajanigombeza! Pasaka nilijua anazurura, nikakasirika, lakini nikasema, ana nguvu zake. Sasa tazama. Kakaa tu. Hata viatu havai." Akapangusa uso. "Hatulali hapa. Leo hii hii naondoka naye."

Akaingia akaanza kufunga vikombe vyake kwa magazeti. Bibi hakugeuka.

Nilikwenda kwa mama Vilma nikavichukua viatu juu ya kabati. Nikarudi, nikapiga goti, nikamvua ndara, nikamvisha kimoja, nikamvisha cha pili, nikafunga kamba mara mbili mbili. Bibi akanitazama kichwani.

"Panya wamerudisha?"

"Wamerudisha, Bibi. Nenda."

Akasimama. Akavaa koti. Pale mlangoni ndipo akageuka akamtazama mwanawe juu mpaka chini. "Dezső, hiyo tai na hilo koti umevalishwa na bata? Keki iko kabatini." Akashuka ngazi.

"Mama! Mama, unakwenda wapi? Mama!" Mjomba akaangusha kikombe, akamkimbilia na viatu vyake vya sikukuu. Niliinama barazani nikawaona wakitoka langoni: kijani mbele, njano nyuma.

Mjomba alirudi jua linazama. Tai hana, kiatu kimoja kakivaa, kingine kakibeba. Aliomba beseni la maji ya moto, akatia miguu, akafumba macho. Bibi aliingia nyuma yake, hahemi, na tawi la mlilaki lenye maua ya zambarau mkononi, akaenda jikoni kutafuta chombo cha kuliweka.

"Kila kona ananisubiri," mjomba akasema, macho bado kayafumba. "Nikifika ananionyesha kitu, nikitaka kukaa ameshaondoka. Kila lango analijua. Kila lango, Zsombor. Nimepanda ngazi ambazo hata mbuzi angeandika barua ya kulalamika."

"Kwa hiyo mjomba, Félegyháza lini?"

Akafumbua jicho moja. "Félegyháza ataimaliza Jumatatu kabla ya chai. Jumanne nitampeleka wapi?"

Akaondoka asubuhi na masanduku yake matupu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba upya, na safari hii ni ombi moja tu, wala sina haja ya kulitia namba. Chimbeni. Mstari wa tano, wa sita, popote mtakapoona udongo laini. Jana usiku bibi alihesabu kwa vidole vituo alivyobakiza, vituo vikaisha vidole vingine bado havijahesabiwa, akaitazama mikono yake. Mniahidi mtaanza mwaka huu. Mkikosa watu wa kuweka vigae huko chini, mimi nipo, na bei yangu ni nzuri.